Maswali ya Wasomaji: Mhariri wa Jarida la Uchomeleaji Anajibu

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Nilichomelea mabamba ya chuma chenye kaboni kidogo, unene milimita 10, kwa waya na gesi ya kinga. Nilibadilisha ampea, volti na kasi, kila kimoja kwa viwango vitatu, nikatengeneza sampuli 9 kwa mpangilio wa Taguchi, yaani mpango mfupi unaojaribu baadhi tu ya michanganyiko. Nilizivuta mpaka zikakatika, nikapata mchanganyiko ulio bora. Mishono ilikuwa imara kiasi kwamba sampuli zote zilikatika nje ya mshono. Jarida nililolipelekea makala limenirudishia baada ya siku nne, halikuwapelekea hata wahakiki, wale wataalamu wanaoisoma kabla haijachapishwa. Huku si kudharauliwa?

JIBU: Marahaba. Hukudharauliwa. Ungeileta kwangu ungeipata mapema zaidi, tena na barua ndefu.

Jambo uliloliandika kwa fahari ndilo lililoiua makala yako. Waya wa kuchomelea chuma cha namna hiyo kwa kawaida huwa na nguvu kuliko bamba lenyewe. Ulipovuta, bamba ndilo lililoshindwa na mshono ukabaki mzima. Kwa hiyo zile namba tisa kwenye jedwali lako ni nguvu ya bamba, iliyopimwa mara tisa. Megapaskali (kipimo cha nguvu ya chuma) chache zinazoitenga sampuli ya 3 na ya 7 ni tofauti ambayo ungeipata hata kama usingewasha mashine. Kipimo hicho kinafaa unapotaka kujua kama utaratibu wa kazi unapita au haupiti. Kusema ampea hizi ni bora kuliko zile, hakiwezi.

Halafu hizo sampuli 9. Vigezo vitatu vyenye viwango vitatu vinatoa michanganyiko 27, nawe umefanya theluthi yake. Kiwandani si vibaya, mtu ana haraka ya kupata mpangilio unaofanya kazi. Lakini katika kuchomelea vigezo hivi vinashikana mikono: athari ya kupandisha ampea inategemea unakwenda kwa kasi gani, na mpangilio wako mfupi unachanganya athari ya kigezo kimoja na ile inayotokana na viwili kukutana. Ukweli ni kwamba makala za aina hii zinanichosha. Zinakuja kila wiki, zimebadilishwa chuma tu.

Tena hukueleza joto umelipigaje hesabu. Chukua volti 25, ampea 200, kasi ya milimita 5 kwa sekunde: unapata juli 1,000 kwa kila milimita ya mshono. Ukizidisha kwa kigezo cha ufanisi, yaani sehemu ya joto inayoingia kwenye chuma kweli, ambacho kwa njia yako huchukuliwa kuwa 0.8, zinabaki 800. Wewe umeandika namba moja bila kusema ni ipi kati ya hizo. Atakayetaka kurudia kazi yako atakosea kwa moja ya tano kabla hajavaa glavu. Na chuma kikipoa kwa mwendo tofauti kati ya nyuzi 800 na 500 za Selsiasi, hata ugumu wake unatoka tofauti.

Ningependa kuona nini? Kata mshono kwa upana, ung'arishe, uutie asidi, upige picha yenye kipimo cha urefu juu yake. Pima ugumu wa Vickers, ule wa kugandamiza ncha ya almasi kwenye chuma, kutoka kwenye bamba, kupitia sehemu iliyoathiriwa na joto, mpaka katikati ya mshono, na utaje uzito uliotumia kugandamiza. Pima ushupavu, yaani chuma kinavyohimili pigo la ghafla, kwa nyundo ya Charpy inayoyumba na kuvunja sampuli, sampuli tatu kwa kila mahali, na utaje halijoto. Lakini kabla ya hayo yote niambie swali lako ni lipi. “Mpangilio bora” si swali mpaka useme bora kwa kazi gani.

Kuhusu wahakiki: hawalipwi, nao ni watu wenye maabara na wanafunzi wao. Naalika wengi, wanaokubali ni wachache. Nikiwatumia makala ambayo mimi mwenyewe nimeona haisimami, safari ijayo hawatanijibu.

SWALI: Nimepata barua pepe ya jarida linaloniahidi kuhakiki na kuchapisha makala yangu ndani ya siku saba nikilipa ada. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Kuna majarida ya heshima yanayotoza ada ili makala isomwe bure na kila mtu, kwa hiyo ada peke yake si kosa. Kosa ni kuahidi kuchapisha kabla makala haijasomwa. Angalia bodi ya wahariri, kisha mwandikie mmoja wao umuulize kama anajua kwamba yumo.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Hayo majarida yenu yanatusaidia nini sisi tulioshika koleo?

JIBU: Fundi, ukiambiwa upashe moto bamba nene kabla ya kuchomelea, amri hiyo ina asili yake. Mwaka 1940 huko Uingereza, Dearden na O'Neill walichapisha namna ya kukadiria kama chuma kitakuwa kigumu mno pembeni ya mshono, kwa kutumia kemia yake tu. Kutokana na kazi yao ikaja fomula inayotumika hadi leo: kaboni, jumlisha manganizi iliyogawanywa kwa 6, jumlisha kromiamu, molibdeni na vanadi kwa 5, jumlisha nikeli na shaba kwa 15. Namba ikipanda, hatari ya ufa wa haidrojeni inapanda nayo, ule unaotokea saa nyingi baada ya wewe kukusanya vifaa na kwenda zako. Elektrodi kukaushwa kwenye oveni ni kwa sababu hiyo hiyo: unyevu wa ganda lake unaleta haidrojeni.

Nitakukubalia jambo moja. Waandishi wetu wengi hawajawahi kulala chali chini ya bomba wakichomelea kwa juu, na makala zao zinaonyesha.

SWALI: Nimealikwa kuhakiki makala kwa mara ya kwanza. Nadhani mwandishi ni mshindani wangu. Nifanye nini?

JIBU: Mwandikie mhariri leo, umweleze uhusiano wenu, yeye aamue. Akikuachia, soma sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho. Kagua picha za hadubini: nimewahi kukuta picha moja imezungushwa na kupewa majina ya sampuli mbili. Usimlazimishe mwandishi akunukuu wewe. Tunaliona, hata ukijificha nyuma ya maneno “ingefaa kuongeza marejeo yafuatayo”. Wala usipakie muswada kwenye programu ya akili bandia ikuandikie ripoti, maana muswada huo ni siri ya mtu. Na ukiona hutawahi tarehe uliyopewa, sema mapema, tena unipendekezee mtu mwingine. Ripoti ya ukurasa mmoja inayonionyesha mstari wenye tatizo naipenda kuliko kurasa tano za “Kiingereza kirekebishwe”.