Mmeniuliza kama huku kuna raha

Wadogo zangu,

Wiki iliyopita mlimpa mama maswali matatu anisomee kwenye simu, maana mnajua yeye simkatizi. Kanisa linanilipa kiasi gani? Je, misheni si njia nzuri ya kufika ughaibuni? Na mbona kwenye picha nacheka tu, kumbe huku ni raha tupu? Leo ni siku yangu ya maandalizi, nguo ziko kwenye mashine, nina kama dakika 40. Nawajibu bila kuficha.

La malipo halina mjadala: hakuna. Mmisionari kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hujitolea, mvulana miaka 2, msichana miezi 18. Gharama huchangia yeye na familia yake, na pale wanapopungukiwa waumini wengine husaidia. Kinachoingia kwenye kadi yangu ni cha kula na nauli. Kikiisha mapema, mwezi hausogei kwa kunihurumia.

La njia nalo liacheni. Huchagui unakokwenda, unangoja barua ikuambie. Wenzangu wawili niliojaza nao fomu walipangiwa nchi jirani, wakaenda kwa basi. Viza yangu hainiruhusu kuajiriwa, na tiketi ya mwisho ni ya kurudi nyumbani. Anayetaka kutafuta maisha ayatafute kwa mlango wake. Akipitia huu atateseka, kwa sababu mchana kutwa atakuwa akifanya kazi asiyoiamini mbele ya watu wasiomhitaji. Hii kazi hata ukiiamini zipo siku inakushinda.

Sasa la picha. Picha tunapiga tukiwa tumenyoosha mashati. Hakuna anayepiga picha ya mlango uliofungwa usoni mwake. Nawapa wiki hii ilivyokuwa, halafu mwangalie picha tena.

Jumanne tulibisha hodi tangu mchana mpaka giza. Nilihesabu milango 43 nikaacha. Mmoja ulifunguliwa, mwenyewe akatuomba turudishe geti vizuri tukitoka. Msinionee huruma kwa hilo. Mlango ukifungwa unauma hatua kumi tu, kisha uko mbele ya mwingine.

Kinachochosha ni mwenzi. Msicheke, ndivyo tunavyoitana. (Na kucheka kwamba naitwa “Mzee”, jina la heshima la kila mmisionari wa kiume, hali ndevu hazijaota, mmeshacheka vya kutosha.) Wamisionari hutembea wawiliwawili. Mnaamka pamoja saa 12:30 asubuhi, mnasoma pamoja, mnakula pamoja, mnalala chumba kimoja saa 4:30 usiku. Ukiacha bafuni, huna dakika ya peke yako. Humchagui, na humwachi mpaka uhamisho, ambao huja kila baada ya wiki 6, na hata hapo mnaweza kuambiwa mwendelee.

Wangu lugha ya huku ni ya mama yake. Mimi nimejifunzia darasani, naiongea kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Jumatano mama mmoja alitufungulia, akaniuliza mimi, si yeye, kwa nini nimeacha kwetu nikaja kutembea kwenye mvua. Nikaanza kumweleza habari za baba, jinsi nilivyokwama baada ya msiba ule, na nini kilinirudisha kuomba. Katikati nikakosa neno. Mwenzangu akanipa. Nikashukuru. Kisha akaendelea nayo yeye, habari yangu, baba yangu, mpaka mwisho, kwa ufasaha kabisa. Mimi nimesimama pale kama mwavuli.

Njiani sikumsemesha. Tulitembea kilomita mbili yeye mbele mimi nyuma.

Kila wiki tuna kikao cha wawili cha kupanga kazi, na ndani yake kila mtu anatakiwa aseme linalomkera. Nilikuwa nimelipanga langu vizuri. Nikamwambia: umeniibia baba yangu. Alibaki ameduwaa. Akasema alidhani ananiokoa, kwamba kimya mlangoni humtia hofu, akikisikia tu anakijaza. Akaomba radhi. Ingeishia hapo ningeshinda. Lakini zamu yake ilifika, naye akasema polepole kuwa tangu tukutane mimi ndiye humsukumia maneno mazito. Ya kumwalika mtu kubatizwa, ya kumwomba mtu aache tabia fulani, namwachia yeye, ili tukikataliwa akataliwe yeye. “Lugha unaijua kuliko unavyojifanya,” akasema.

Nilitaka kubisha. Nilikosa neno, na safari hii si kwa sababu ya lugha.

Alhamisi tulikuwa na saa za huduma. Mzee mmoja, si muumini wetu, amefiwa na mke, anahamia nyumba ndogo, hana wa kumbebea. Tukabeba kitanda, makabati na maboksi ya vitabu yaliyonikumbusha kuwa nina mgongo. Saa nane hivi akafungua kabati la mwisho, akakuta viatu vya mkewe vimepangwa. Akaketi kwenye ngazi. Mwenzangu, mwenye maneno yote, akasimama na boksi mikononi hajui alipeleke wapi. Mimi nikakaa ngazi ya chini yake, nikanyamaza. Sikuwa na hekima yoyote, nilikumbuka tu kwamba baba alipofariki walionisaidia ni wale wasionihutubia. Baada ya muda yule mzee akaanza kuongea, akaongea nusu saa. Niliambulia labda theluthi mbili. Hakuuliza kuhusu kanisa, nasi hatukumwachia hata karatasi. Tukamalizia kubeba.

Barabarani mwenzangu akasema, “Mlango ujao unaanza wewe.”

Ijumaa, bibi tuliyemfundisha miezi miwili, aliyekwisha kukubali tarehe ya ubatizo, alituma ujumbe wa mistari miwili kwamba tusirudi. Watu wa kanisani wangeniambia nitafute somo hapo. Nimelitafuta, silioni. Majaribu mengine yanakukomaza, mengine yanakuchosha tu, na nadhani Mungu hatachukia nikisema hivyo.

Jumamosi kwenye mkutano tulisimuliwa tena ile habari ya Septemba 1839: Brigham Young na Heber C. Kimball, viongozi wa mwanzo wa kanisa letu, wanaondoka kwenda misheni Uingereza wakitetemeka kwa malaria, wake zao wagonjwa ndani, hata gari la kukokotwa wanapandishwa. Walipofika mbali kidogo wakajikongoja, wakasimama garini na kupaza sauti za shangwe ili wake zao wasibaki na huzuni. Husimuliwa ili tupate moyo, na wengi hupata. Mimi kila nikiisikia namfikiria Vilate, mke wa Kimball, anayeisikia hiyo shangwe akiwa na homa. Kwa hiyo, mama, kama unasoma hapa: mpaka mwanzoni mwa 2019 mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sasa ni kila wiki. Ukiniuliza “umekula?” kisha ukanyamaza, mimi najua unakaribia kulia, na huwa najifanya mtandao ni mbovu. Nisamehe. Wiki ijayo sitafanya hivyo.

Jana Jumapili baada ya ibada tulibisha hodi, nikaanza mimi. Akafungua baba wa makamo. Nikasema sentensi ya kwanza vizuri, ya pili nikachanganya maneno mawili yanayofanana, ikatoka kwamba nimekuja kutoka mbali kumuuza. Alicheka mpaka akashika mlango. Pembeni yangu nilimwona mwenzangu amejiuma midomo, macho juu, hasemi. Nikarekebisha. Nikamweleza habari za baba yangu, yote, kwa mdomo wangu, na makosa yake. Mwishoni nikamwalika aje ibadani. Akafikiri kweli, akasema hapana, akanipa mkono.

Mashine imesimama. Nguo za mwenzangu zimo humo pia, na zamu ya kuanika ni yangu. Maswali mengine mpeni mama, ila msimalize dakika zake.