Kabla Hujanunua Propela Mpya, Pima Kwanza Mtelezo Wako

Kulikuwa na sauti moja iliyonisumbua msimu mzima. Nikisukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, injini ilinguruma, mshale wa mizunguko ukapanda hadi juu kabisa, lakini boti yenyewe ilibaki palepale kwenye mwendo wake. Kwenye kona ilikuwa mbaya zaidi: injini ilipiga kelele kama iliyotuliwa mzigo, tezi (sehemu ya nyuma ya boti) ikashuka, na kasi ikapotea hadi nirudishe mkono nyuma. Boti ni ya mita 6, ina tumbo la umbo la V, injini ya nje ya nguvu za farasi 200. Mashine ya namna hiyo haikupaswa kuhangaika hivyo.

Nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Nilikwenda kununua propela kubwa zaidi. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya alumini, mapanga matatu (yale mabawa yanayosukuma maji), pichi 21. Nikaona kama inateleza, basi pichi 23 itakamata maji vizuri zaidi. Haikukamata. Injini ilishindwa kupita mizunguko 5,200, boti ikachelewa kunyanyuka juu ya maji, na kasi ya juu ikapungua kwa kilomita moja. Pesa ilikwenda, tatizo likabaki. Laiti ningekaa chini na kalamu kabla ya kwenda dukani, ningelijua hilo bila kununua kitu.

Pichi ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayoingia kwenye mti mgumu. Pichi 21 maana yake ni inchi 21 kwa kila mzunguko. Lakini maji si mti, huachia. Tofauti kati ya umbali huo wa kwenye karatasi na ule boti inaosogea kweli ndiyo mtelezo. Kuupata, zidisha mizunguko ya injini kwa dakika kwa pichi, zidisha tena kwa 0.001524, kisha gawa kwa uwiano wa gia ulioandikwa kwenye kitabu cha injini. Unapata kilomita kwa saa. Anayetumia noti (maili za baharini kwa saa) azidishe mizunguko kwa pichi, agawe kwa uwiano wa gia, kisha agawe kwa 1,215. Wa maili agawe kwa 1,056 badala yake.

Gia yangu ni 1.75. Kwa mizunguko 5,800 na pichi 21, hesabu inatoa kilomita 106 kwa saa. GPS ilisoma 84. Kilomita 22 zimepotea kati ya 106, yaani mtelezo wa asilimia 21. Sasa angalia ile pichi 23: kwa mizunguko 5,200 hesabu inatoa 104, GPS ikasoma 83. Asilimia 20. Nilichobadilisha ni mzigo wa injini tu. Namna propela inavyoshika maji haikubadilika hata kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba pichi ni ya kuiweka injini kwenye mizunguko yake sahihi. Kushika maji ni kazi ya mambo mengine.

Upimaji wenyewe uufanye kwa uangalifu, maana namba mbovu itakupeleka kwenye propela mbovu. Tumia GPS, usitegemee kipima kasi cha maji. Kimbia upande mmoja, geuka, kimbia upande wa pili kwenye mstari uleule, kisha chukua wastani, ili mkondo na upepo vijifute vyenyewe. Weka mafuta na watu wa kawaida yako, si tenki tupu na mtu mmoja, isipokuwa ndivyo unavyosafiri kila siku. Na upime kwenye mwendo wa kati pia. Mimi kwa mizunguko 3,800 nilikuta mtelezo wa asilimia 30, na huo ndio mwendo ninaoutumia sehemu kubwa ya safari. Namba hiyo iliniuma kuliko ile ya kasi ya juu, kwa sababu ndiko mafuta yangu yalikokuwa yakiishia.

Usitafute sifuri. Panga la propela linasukuma kwa sababu linaingia kwenye maji kwa pembe kidogo, kama bawa la ndege kwenye hewa, na pembe hiyo ndiyo inayoonekana kwenye hesabu kama mtelezo. Bila mtelezo hakuna msukumo. Boti nyepesi ya mwendo kasi iliyopangwa vizuri huwa kati ya asilimia 5 na 12 hivi ikiwa kwenye kasi ya juu. Boti ya kawaida ya familia ikiwa na 10 hadi 20 haina ugonjwa. Ukipata namba chini ya sifuri, usifurahie. Ama uwiano wa gia umeuandika vibaya, ama pichi iliyogongwa kwenye propela siyo pichi yake halisi. Hilo la mwisho hutokea zaidi kwa propela zenye ukingo uliokunjwa, ambazo hufanya kazi kama zina pichi zaidi ya ile iliyoandikwa.

Kabla ya kulaumu mapanga, kagua raba ya katikati. Propela nyingi za injini za nje zina habu (kitovu cha propela) yenye mpira au plastiki inayoilinda gia pale panga linapogonga kitu. Mpira huo ukichoka, shafti huzunguka na propela hubaki nyuma, na dalili zake zinafanana kabisa na za mtelezo. Chomoa ufunguo kwanza na kamba ya kuzimia injini, kisha chora mstari mmoja kwa rangi unaovuka kutoka kwenye habu ya ndani hadi kwenye mwili wa propela. Nenda ukaipe injini mzigo mkubwa, rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika na vipande viwili haviangaliani tena, umepata mgonjwa wako. Angalia na tumbo la boti. Kombe na uchafu chini, maji yaliyokaa ngamani (chini kabisa ndani ya boti), yote huongeza mzigo, na mzigo huongeza mtelezo. Kwangu kulikuwa na kifaa cha kupimia kina kilichofungwa karibu mno na mkuku (uti wa chini wa boti). Kilikuwa kinachana maji na kupeleka mkia wa mapovu moja kwa moja kwenye propela. Nilikihamishia pembeni, na zile kelele za kwenye kona zikapungua siku hiyohiyo.

Mapovu haya yanastahili maelezo, kwa sababu mafundi wengi huyaita yote kwa jina moja. Kuna hewa, au moshi wa injini, inayovutwa kutoka juu hadi kwenye mapanga. Ndiyo inayokufanya upoteze mshiko ghafla kwenye kona au ukiinua injini kupita kiasi. Na kuna mapovu yanayozaliwa ndani ya maji yenyewe: panga likizunguka kwa nguvu nyingi kwenye eneo dogo, shinikizo la upande wa mbele hushuka mpaka maji yanachemka bila kuwa ya moto. Mapovu hayo yakipasuka hula chuma na kuacha vishimo. Mhandisi wa Uingereza, Charles Parsons, alikutana nayo mwaka 1894 alipoiweka majini meli yake Turbinia. Ilikuwa na shafti moja na propela moja, na haikufikia kasi aliyoitarajia. Alitengeneza tangi dogo la maji ya moto ili ayaone mapovu kwa macho, kisha akaibadilisha meli ikawa na shafti tatu, kila moja ikiwa na propela tatu. Mwaka 1897 ilipita noti 34, na hakuna meli iliyokuwa ikiifikia wakati huo. Alichofanya ni kuugawa mzigo uleule kwenye eneo kubwa zaidi la mapanga. Ndicho tunachokifanya mpaka leo tunapohama kutoka mapanga matatu kwenda manne.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwangu hatua kubwa kuliko zote ilikuwa kuacha alumini. Alumini ni laini, kwa hiyo panga lazima litengenezwe nene, na hata hivyo hujipinda kidogo linapopewa nguvu nyingi. Likijipinda, umbo ulilolipia halipo tena pale unapolihitaji. Chuma cha pua kinaruhusu panga jembamba lisiloyumba. Lakini ujue unachokibadilisha: ukigonga mwamba, alumini huharibika yenyewe na mara nyingi kuinusuru gia, ilhali chuma cha pua hupeleka pigo ndani. Kama maji yako ni ya mawe na vina vifupi, nakushauri kwa moyo wote ubaki na alumini na uvumilie mtelezo.

Jambo la pili ni ukingo wa nyuma wa panga. Kwenye propela nzuri za mwendo kasi, ukingo huo umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko. Mkunjo huo unashikilia maji yasitoroke na unakuruhusu kuinua injini juu zaidi bila kuvuta hewa. Utaona injini ikipoteza mizunguko 150 hadi 300 ukilinganisha na propela ya pichi hiyohiyo isiyokunjwa, kwa hiyo ukitoka propela isiyo na mkunjo kwenda yenye mkunjo, fikiria kushuka inchi moja ya pichi. Kila inchi ya pichi, kwa makadirio, ni mizunguko 150 hadi 200. Lengo lako ni injini ifike sehemu ya juu ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake ikiwa na mzigo wako wa kawaida. Yangu ni 5,000 hadi 6,000.

Mlalo wa mapanga kuelekea nyuma, ambao mafundi huuita reki, ni wa kuinua omo, yaani pua ya boti. Reki kubwa, nyuzi 20 na zaidi, huinyanyua omo na kupunguza sehemu ya tumbo inayogusa maji. Inafaa kama boti yako inakimbia imeinamisha pua. Kama omo tayari inarukaruka, reki kubwa itakuongezea tabu.

Matatu au manne? Mapanga manne yanashika vizuri kwenye kona na mawimbi, yanainua tezi, na yanaiweka boti juu ya maji kwa mwendo mdogo zaidi. Lakini hukupunguzia kilomita chache za kasi ya juu. Anayebeba watu na kusafiri kwenye maji yenye vurugu ningempa manne bila kusita. Mimi nilichagua matatu kwa sababu boti yangu ni nyepesi.

Nilifunga pichi 21 ya chuma cha pua yenye ukingo uliokunjwa. Kwa mizunguko 5,500 GPS ilisoma 87, mtelezo asilimia 13 na nusu. Kisha nikainua injini kwenye ubao wa tezi inchi 2, kidogo kidogo, nikipima kila mara. Mizunguko ikawa 5,750, kasi 93, mtelezo chini kidogo ya asilimia 12. Kwenye 3,800 ulishuka kutoka 30 hadi 19. Kuinua injini kunapunguza chuma kinachoburuta majini, lakini macho yasitoke kwenye kipimo cha shinikizo la maji ya kupozea. Matundu ya kunyonyea maji yakitokeza juu, injini huungua upesi. Shinikizo likianza kuyumba, shusha.

Mwaka uliofuata niligonga gogo lililokuwa likielea. Mapanga mawili yalichubuka ukingoni, kwa kutazama ningesema si kitu. Kwa mizunguko 5,900 nikapata 90, karibu asilimia 17. Fundi wa kwanza aliyanyoosha yakang'aa, lakini boti ikaanza kutetemeka na mtelezo ukabaki vilevile, kwa kuwa mkunjo wa panga moja haukulingana na wenzake. Fundi wa pili aliilaza propela kwenye kipimo na kukagua pichi ya kila panga, kuanzia karibu na habu hadi kwenye ncha, kabla hajashika nyundo. Alikaa nayo siku tatu. Nilipoifunga na kurudi majini, kwa mizunguko 5,750, GPS ilisoma 93.