Kwa mnaoanza kuandika habari za vita: kijueni kifaru

Septemba 2008, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya MV Faina ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72, nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye dawati la Kiswahili hapa Nairobi. Niliandika kwamba mzinga wa kila kifaru una kipenyo cha sentimita 125. Ikachapishwa hivyo hivyo. Kesho yake mwanajeshi mmoja mstaafu alipiga simu, akaniita tunywe chai karibu na River Road. Aliinua kikombe, akanisogezea kisahani chake. "Kijana, mdomo wa mzinga hauzidi hiki. Ni milimita. Huo wako angeingia mtu mzima."

Nimeyashika aliyonifundisha siku ile, nami nawapa ninyi.

Kwanza jina. Si kila gari la minyororo ni kifaru. Kuna la kubebea askari, kuna mzinga unaojiendesha wa kupiga mbali, na deraya, yaani ngao ya chuma, za magari hayo ni nyembamba. Lori la polisi la kurusha maji siku za maandamano halimo kabisa.

Vickers Mk 3 za jeshi letu zina mzinga wa milimita 105, Leopard 2 una 120, T-72 una 125. Lakini kipenyo hakikwambii mengi, uliza kinachorushwa. Mzee alichukua biro yangu, akaizungushia tishu mpaka ikanenepa, kisha akaichomoa taratibu huku tishu ikidondoka mezani. "Ndani ya mtutu inajaa. Ikishatoka, maganda yanapukutika, unabaki mshale." Mshale huo ni wa tungsteni au urani hafifu, metali nzito sana, huenda zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde, na ndani hauna baruti hata chembe. Hupenya kwa kasi na uzito wake.

Aina ya pili ya risasi ina faneli ya shaba iliyozungukwa na kilipuzi. Kikilipuka, shaba husukumwa mbele ikawa kama sindano ndefu. Haihitaji kufika kwa kasi, ndiyo maana hata roketi ya begani inaweza kuibeba. Msiandike kwamba "iliyeyusha chuma". Haiyeyushi, hutoboa kwa shinikizo. Kosa hili nalisahihisha karibu kila wiki na linaniumiza.

Sasa kinga. Deraya nene iko mbele. Ubavuni, nyuma na juu ni nyembamba, na droni zinapatafuta hapo juu. Tangu Waingereza walipobuni deraya ya Chobham miaka ya 1960, vifaru vingi vya Magharibi vimevaa matabaka ya vitu tofauti, seramiki ikiwemo. Mpangilio wenyewe ni siri, kwa hiyo mkikuta mtu ametaja unene wake hadi milimita ya mwisho, muulizeni amepimia wapi. Vile visanduku mnavyoona vimepangwa kama matofali vina vilipuzi: hulipuka kuelekea nje na kuivuruga sindano ya shaba. Mfumo wa Trophy wa Israeli huona kombora kwa rada na kulipiga kabla halijagusa. Ulifanya hivyo vitani kwa mara ya kwanza Machi 2011, kwenye kifaru cha Israeli cha Merkava karibu na Gaza.

Jambo ninalowaomba mlitazame kuliko yote ni mahali risasi za mzinga zinapowekwa, kwa sababu ndani mna watu. T-72 una watu 3, na mashine ya kupakia yenye nafasi 22 iko sakafuni, chini yao. Moto ukifika pale, kichwa kizima cha kifaru, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, huruka. Abrams wa Marekani una watu 4. Risasi zake nyingi ziko nyuma ya kichwa, nyuma ya mlango wa chuma, na paa la hapo limetengenezwa lifumuke ili mlipuko utokee juu. Kifaru kinaweza kuteketea na wanne hao wakatoka hai. Kwa hiyo usiandike "wote waliangamia" kwa kuona moshi kwenye video.

Na ukiletewa picha saa moja kabla ya ukurasa kufungwa, hesabu magurudumu makubwa ya upande mmoja. T-72 una 6, Leopard 2 na Abrams 7. Ukiona matope yameyafunika, andika "kifaru" tu, aina uiache.