Si lazima ukimbie kila siku

Ndugu, umesema unajiandaa kwa mbio za kilomita 21, unakimbia kila siku, na sasa miguu ni mizito na usingizi haupatikani. Mwili umechoka, usiulazimishe. Kwa anayeanza, siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, moja tu ikiwa ya masafa marefu. Nyingine kimbia taratibu, kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, tembea kidogo, ni sawa kabisa.

Kinachowaponza wengi ni kwamba pumzi huzoea haraka, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Unajisikia una nguvu za kuongeza kilomita, kumbe mguu bado haujawa tayari. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako siku mbili tatu mfululizo, pumzika. Na ukibonyeza mfupa wa muundi kwa kidole ukasikia maumivu makali sehemu moja tu, acha kukimbia kabisa umwone daktari, huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Wiki mbili za mwisho punguza mazoezi. Pumzi uliyoijenga haitapotea.