Mapengo ya michango ya pensheni ya Uingereza: je, nilipe yote?

SWALI: Mhariri, salaam. Nina umri wa miaka 59 na nimeishi Uingereza tangu 2001 nikifanya kazi ya kutunza wazee. Nilipofungua rekodi yangu ya michango ya Bima ya Taifa, nilikuta miaka 18 imetimia na 6 haikutimia: miwili kati ya 2004 na 2006, nilipokaa nyumbani kulea mtoto, mmoja wa 2012/13, miwili kati ya 2021 na 2023, niliporudi Kenya kumuuguza mama yangu, na ule wa 2023/24, uliopungukiwa wiki 9. Nina akiba kidogo. Je, nilipe yote kwa mkupuo?
Msomaji, Uingereza

JIBU: Mama, usilipe chochote kwanza. Mapengo yako hayafanani, na kuyalipia yote kwa pamoja kungekugharimu fedha ambazo huenda hukupaswa kuzitoa.

Kwa wanaofikia umri wa pensheni tangu tarehe 6 Aprili 2016, pensheni kamili ya serikali kwa kawaida huhitaji miaka 35 ya michango, na mwenye chini ya miaka 10 kwa kawaida hapati kitu. Ukiendelea na kazi hadi ufikishe miaka 67, ambao ndio umri wako wa pensheni, utakuwa na takriban miaka 26. Kwa hiyo kila mwaka utakaouongeza unaweza kukufaa, tofauti na mtu ambaye miaka ya kazi iliyombakia itamfikisha kwenye pensheni kamili hata asipolipa senti ya ziada. Wengi hukimbilia kulipa bila kuliangalia hilo.

Anza na miaka ya malezi. Ni nani aliyekuwa akipokea posho ya mtoto wakati ule? Ikiwa ilidaiwa kwa jina la mume wako, basi kinga ya pensheni waliyowekewa walezi wa watoto iliandikwa kwake, na kama mwenyewe alikuwa akichangia kazini miaka hiyohiyo, haikumwongezea kitu. Unaweza kuiomba mamlaka ya kodi ikuhamishie kinga hiyo, na maombi hayo hayana malipo. Ikiwa posho ilikuwa kwa jina lako na bado miaka hiyo inaonekana mitupu, omba rekodi irekebishwe.

Mwaka wa 2012/13 umekwisha kufungwa. Kanuni ya kawaida inaruhusu kulipia miaka 6 tu ya nyuma, na nafasi ya pekee iliyowawezesha watu kurudi hadi 2006 ilikoma tarehe 5 Aprili 2025.

Mwaka wa 2023/24 ndio ambao mimi ningeulipia kabla ya mingine. Hulipii mwaka mzima, bali wiki zilizopungua tu, nao ukikamilika huhesabiwa sawa na mwaka mwingine wowote. Kwa kiwango cha 2025/26, kilichokuwa pauni 17.75 kwa wiki, wiki 9 zingegharimu takriban pauni 160.

Miaka ya Kenya ni suala jingine. Uingereza haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Kenya unaoiwezesha miaka ya huko kuhesabiwa, na nafuu wanayopewa wauguzaji wa ndugu haimfikii aliye nje ya nchi, hivyo njia iliyobaki ni kununua. Kwa viwango vya 2025/26, mwaka mzima uligharimu takriban pauni 923, nao uliongeza hadi pauni 6.58 kwa wiki, yaani pauni 342 hivi kwa mwaka. Gharama hurudi katika mwaka wa tatu wa kupokea pensheni, kabla ya kodi. Mwaka wa 2021/22 una muda hadi tarehe 5 Aprili 2028, na ule wa 2022/23 hadi Aprili 2029, kwa hiyo hakuna sababu ya kukopa ili ulipe sasa.

Fikiri pia utakapoishi uzeeni. Anayehamia Kenya huendelea kupokea pensheni yake, lakini haipandishwi kila mwaka kama ya aliyebaki Uingereza. Naye atakayebaki akiwa na kipato kidogo sana anaweza kupata nyongeza ya serikali kwa wastaafu maskini, ambayo hupungua kadiri pensheni inavyoongezeka, na kwa mtu wa namna hiyo mwaka ulionunuliwa unaweza usimwachie chochote mkononi.

Ukisharidhika, piga simu kwenye kituo cha pensheni cha serikali, uulize kila mwaka utakuongezea kiasi gani kulingana na makadirio yako mwenyewe, kwa kuwa rekodi za kabla ya 2016 zina hesabu zake. Kisha pata namba ya malipo yenye tarakimu 18, uiandike unapotuma fedha, na useme bayana ni mwaka upi unaoulipia. Baada ya wiki kadhaa ifungue rekodi uone kama mwaka huo umeandikwa kuwa umetimia, na stakabadhi usiitupe.