Ukileta habari za pweza Dodoma, beba na kalenda ya mwezi

Nimezaliwa Hombolo, ambako maji makubwa kuliko yote ni bwawa, na bado kazi yangu ni pweza. Mjomba huniuliza kila nikirudi nyumbani: "Huko baharini hamjamaliza tu kuwahesabu?" Hatujamaliza, mjomba.

Nawaandikia vijana mnaofanya tafiti pwani kisha mnapanda basi kuja huku, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, kwa sababu maamuzi ya uvuvi yanapita Dodoma. Msirudie kosa langu.

Mara ya kwanza nilikuja na ripoti ya kurasa 60: matumbawe, nyasi za bahari, joto la maji, picha za rangi. Ofisa alisoma muhtasari wote, akavua miwani. "Kaka, nimekuelewa. Sasa uvuvi wa pweza tufunge lini, tufungue lini?" Nilibaki nimemkodolea macho. "Usimamizi endelevu" nilikuwa nimeuandika kila ukurasa. Tarehe, hata moja.

Kwa hiyo anza na uamuzi unaotaka ufanyike, ndipo urudi nyuma kwenye takwimu. Pweza wa mwambani anaishi kama mwaka mmoja hivi. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, kisha hufa. Na hukua kwa kasi. Ukiupumzisha mwamba miezi mitatu, unayemkuta ni mnyama mwingine kwenye mizani. Ndiyo maana kufunga kwa muda kunamfaa. Chewa anahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo miezi mitatu kwake ni usingizi wa mchana. Usimpe mtoa maamuzi dawa moja kwa samaki wote.

Halafu kuna suala la kilo. Jumla ya kilo zilizoshushwa bandarini inadanganya. Inaweza kupanda kila mwaka huku bahari ikipungukiwa, kwa kuwa watu na vyombo vimeongezeka. Andika kilo kwa mtu kwa siku, na saa alizokaa majini. Namba hiyo ikishuka, hata mtu asiyewahi kuona bahari anaelewa. Mimi humfafanulia mtu wa hapa kwa karanga: gunia kumi kutoka shamba la ekari moja si sawa na gunia kumi kutoka ekari tano.

Ila kilichoniaibisha zaidi ni kalenda. Baada ya swali lile nilikwenda kuandika upya, nikaweka siku ya kufungua mwamba Julai mosi. Mwaka wa fedha unaanza, karatasi zinakaa vizuri. Nikapeleka rasimu kijijini, upande wa Kilwa. Tukaisoma chini ya mwembe. Bibi mmoja, aliyechokoa pweza tangu msichana, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akahesabu kwa vidole.

"Mwanangu, siku hiyo ni maji mafu. Mwamba hautoki."

Kweli. Siku za maji mafu bahari haikupwi mbali. Wanawake wale huenda kwa miguu, fimbo ya chuma mkononi na ndoo kichwani, maji yanapokupwa mbali wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Ungefungua siku yangu ile, wenye vyombo na miwani ya kuzamia wangevuna wiki nzima, na waliovumilia miezi mitatu wangekuta mapango matupu. Mwaka uliofuata nani angekubali kufunga?

Hesabu yenyewe wala si ngumu: bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nilikuwa nayo kwenye jedwali la maji, ukurasa wa 47, nikiitumia kupanga siku zangu za kuzamia.

Siku hizi nakuja na kurasa mbili. Ya pili ni kalenda, bamvua zimezungushiwa kalamu nyekundu. Juzi yule ofisa alinipigia nikiwa nala ugali na mlenda kwa mjomba.

"Kaka, ile bamvua ya Septemba inaanguka siku gani?"

Mjomba akaacha kutafuna, akanitazama. "Bamvua ndiyo nini?"