Makochi ya rangi kali: majibu kwa walioandika wiki hii

Tangu nitaje kwamba sebuleni kwangu kuna kochi la vipande sita la rangi ya chungwa, simu haitulii. Nimechagua maswali machache. Mlioniuliza kwa mara ya tatu kama rangi ya chungwa "inaleta joto ndani", endeleeni kusubiri. Joto linaletwa na bati lisilo na dari.

Anti, kochi kama lako ni bei gani? (Wengi, kutoka kila kona)

Bei ya nini? Vipande vingapi, sponji gani, kitambaa gani, mbao gani? Mtu anaandika "bei gani" kana kwamba anauliza mkate. Kochi la vipande huhesabiwa kipande kwa kipande, na kila kipande kina sponji yake na mita zake za kitambaa. Fundi anayekutajia bei kabla hajafungua futi amepiga ramli, na ramli hiyo utailipia wewe.

Nimeona kwenye simu kochi la vipande vya mraba vilivyovimba kama maandazi. Fundi wa Keko nimemtumia picha, kasema wiki 2 tu limekwisha. Nimpe kianzio? (Mwenye Haraka, Tabata)

Maandazi hayo yana jina: Camaleonda. Alilichora Mtaliano Mario Bellini mwaka 1970, na jina lake ni kinyonga na wimbi, maneno mawili ya Kitaliano yaliyogandishwa pamoja. Lilitengenezwa miaka michache likaachwa, kisha mwaka 2020 kampuni ya B&B Italia ikalirudisha sokoni, ndipo simu zetu zikajaa picha zake.

Nakueleza asili yake ili ujue cha kumdai fundi. Kiti kimoja cha kochi lile ni sentimita 90 kwa 90. Mgongo na mikono hushikizwa kwenye kiti kwa nyaya, ndoano na pete, kwa hiyo leo mgongo uko huku, kesho unaufungua unauhamishia kule. Ukinyonga wenyewe ndio huo. Mafundi wetu wengi wanaiga uvimbe, ndoano wanaziacha, halafu mgongo wanaupigilia misumari moja kwa moja. Hapo hujapata kochi la vipande. Umepata makochi manne mafupi yasiyoelewana.

Sasa fungua futi. Sebule nyingi za kupanga ni futi 10 kwa 12, yaani kama mita 3 kwa 3 na nusu na kitu. Panga vipande vitatu ukutani, tayari umekula mita 2 na sentimita 70. Ongeza viwili kufanya kona, weka meza na runinga, halafu niambie mgeni atapita wapi. Pima na mlango, pima na kona ya ngazi. Raha ya vipande ni kwamba kinapita kimoja kimoja, ila kuna mtu aliniandikia kipande chake kimelala kwa jirani wa chini siku 9 kwa sababu ngazi inapinda vibaya.

Kisha sponji, na hapa ndipo pesa inapopotea. Mimi nilikwenda na mizani. Niliazima kwa muuza mchele wa mtaani kwetu, nikaibeba kwenye bajaji, watu wakacheka. Hesabu yake si ngumu: sponji ya sentimita 90 kwa 90 yenye unene wa 20 ina mita za ujazo 0.162. Sponji ya kukaliwa kila siku mimi sikubali chini ya kilo 30 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo bonge moja lisome karibu kilo 5. La kwanza nililoletewa lilisoma kilo 2 na robo tatu. Fundi akaniambia mizani yangu ina njaa. Nikamwambia basi tuishibishe, tuweke sponji nyingine. Ya pili ikasoma kilo 4 na gramu 900, na ndiyo ninayoikalia nikiandika haya. Ukibonyeza kwa kidole zote mbili zilikuwa zinarudi vizuri, maana sponji mpya haina aibu, yote inarudi. Baada ya miezi 6 ndipo nyepesi inapozama katikati kama godoro la gesti.

Kwa hiyo kianzio mpe, baada ya kupima chumba, kukubaliana ndoano, na kuiona sponji ikiwa uchi kabla haijavalishwa. Na ukishakaa usiwaambie wageni limetoka Italia. Limetoka Keko, na mkono wa fundi wa Keko si kitu cha kuonea haya.

Kochi langu ni la mahameli ya bluu iliyoiva. Kipande kimoja kinaonekana cheusi kuliko vingine. Fundi anaapa ni jora moja. (Bluu Mbili, Mbezi)

Huenda anasema kweli. Mahameli ina malaika kama mkono wa mtu. Ukiyalaza inang'aa, ukiyasimamisha inaiva. Pitisha kiganja kutoka nyuma kuja mbele kwenye kila kipande. Kama vitatu vinateleza na cha nne kinakwaruza, fundi alikigeuza kitambaa ili akibane kitoshe, akaokoa robo mita ya kwake.

Kabla hujaenda kugombana, jaribu hivi: kama mto wa kukalia ni mraba na unatoka, uzungushe, mbele iende nyuma. Malaika yatageuka nao, na rangi italingana palepale. Isipolingana, basi ni majora mawili, na hata kama namba ya rangi ni moja, jora la mwezi huu na la mwezi ujao halikuchovywa siku moja. Ndiyo maana nawaambia kila siku mnunue kitambaa chote kwa mkupuo, pamoja na mita 2 za akiba, mzifungie kabatini. Mtu anaona uchoyo kununua mita 2, halafu mwaka wa pili anazunguka Kariakoo na kiraka mkononi.

Na tukiwa Kariakoo: usichague rangi ndani ya duka chini ya taa nyeupe. Toka nacho barazani. Bluu niliyoipenda mimi mwanzo, nje ilikuwa zambarau.

Nimeliacha na nailoni yake rangi isichakae. Mume wangu anataka niitoe. (Mama Makini, Morogoro)

Shemeji ana haki. Itoe leo.

Kwanza, nailoni haizuii mwanga, na mwanga ndio unaopausha. Pili, inafungia unyevu: jasho la mapaja na hewa nzito vinabaki humo, na siku unayoivua unakutana na kuvu na harufu ya kabati la bibi. Tatu, umenunua rangi ili uione. Mtu anahangaika miezi kutafuta njano ya embe dodo, anaifunika nailoni, juu ya nailoni anatandika vitambaa vyeupe vya kufuma, juu ya vitambaa mito. Rangi iko wapi?

Vitambaa vina kisa chake. Shangazi yangu alikuwa na makochi mekundu yaliyokaa karibu na dirisha, kila mgongo na kitambaa chake cha kufuma chenye maua. Miaka ikapita. Siku ya kuvifua tukavinyanyua, na chini yake maua yamechapwa: palipofunikwa na uzi pekundu bado, penye matundu pamekuwa rangi ya matofali. Shangazi akavirudisha haraka, na tangu siku hiyo vikawa vinafuliwa usiku na kurudishwa kabla ya alfajiri.

Nini kinazuia kupauka basi? (Mnyororo wa swali lililopita, watu watano)

Pazia. Kioo cha dirisha hakitoshi, kinapunguza miale inayobabua ngozi lakini mingine inapita, na mwanga wa kawaida nao unakula rangi polepole. Pazia jepesi saa za jua kali, na vipande vyenyewe mvizungushe kila mwezi ili vipauke sawasawa, kama vitapauka.

Kuhusu kitambaa, kuna kilichotiwa rangi kama tikiti maji na kuna kilichotiwa rangi kama papai. Tikiti lina kijani ganda tu. Papai limeiva mpaka ndani. Vitambaa vya papai ni vile ambavyo rangi ilichanganywa kiwandani kabla uzi haujavutwa, kama vinavyotumika kwenye miavuli ya hotelini ufukweni. Ni ghali na vingine vikavu mkononi. Kama muuzaji hajui alichonacho, chukua kipande, nusu kifunike kwa kitabu, kiache dirishani mwezi mzima. Huna mwezi mzima? Basi nunua kijivu.

Naweza kulisafisha kwa jiki? (Hakuweka jina, na amefanya vizuri)

Hapana.

Ukuta niupake rangi gani? (Watu 14)

Nyeupe isiyong'aa. Hamkuniambia kochi ni rangi gani wala dirisha liko upande upi, kwa hiyo jibu ni hilohilo kwa wote 14.

Anti, tumenunua lile kochi la chini lenye mikunjo, la kijani. Mama mkwe alikuja kutusalimia, akakaa, akashindwa kunyanyuka. Tulimvuta watu wawili. Tangu siku hiyo anasema ana kazi nyingi shamba. (Mkwe Mwenye Aibu, Moshi)

Pole. Kochi hilo linaiga Togo, la Mfaransa Michel Ducaroy, aliyelitengenezea kampuni ya Ligne Roset mwaka 1973. Mwenyewe alilifananisha na mrija wa dawa ya meno uliokunjwa. Ndani halina fremu ya mbao kabisa. Ni sponji tupu za ugumu mbalimbali zilizovikwa kitambaa kilichofinywafinywa. Na pa kukalia pako sentimita 38 tu kutoka sakafuni. Lilichorwa kwa ajili ya kujibwaga, na mtu wa miaka 70 mwenye magoti yake habwagwi. Anahitaji kimo cha sentimita 45 hivi, na mkono wa mbao wa kujisukumia.

Usimwekee mito juu ya kochi, atayumba kama yuko kwenye mtumbwi. Mchongeshee kiti kimoja cha mninga chenye mikono, mto wake uvalishe kijani kilekile ili kionekane ni cha familia moja na kochi. Kiweke mahali penye heshima, si karibu na mlango wa jikoni. Kisha umwendee mwenyewe huko shamba na mkungu wa ndizi, usimpigie simu. Kiti atakiona akija, usimwambie kwamba umekitengeneza kwa sababu yake.

Na wewe hukuniuliza, lakini nakuambia: kochi linalogusa sakafu na dawa ya mbu ya kuchoma havikai chumba kimoja. Wala chetezo. Sponji hizi ni zao la mafuta ya petroli, zikishika moto zinawaka haraka, na moshi wake una sumu inayomlaza mtu kabla moto haujamfikia. Nimeingia nyumba ya watu, koili inafuka chini ya mkunjo wa kochi la laki kadhaa na mtoto amelala juu yake. Niliichukua nikaitoa nje bila kuomba ruhusa.

Vipande vinatembea. Ukikaa viwili, cha katikati kinarudi nyuma. (Nyumba ya Marumaru, Dodoma)

Katia kila mguu duara la mpira wa tairi la baiskeli, gundisha. Au mwambie fundi afunge ndoano alizoziruka. Gharama ni ya soda mbili.

Vipi kuhusu la mtumba kutoka Ulaya? Rangi zake nzuri. (Mpenda Mtumba, Tanga)

Rangi nzuri, na wapangaji wake je? Kochi lenye mikunjo na vifungo ni mji wa kunguni. Mulika tochi kwenye kila mshono, tafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu. Kunguni na mayai yake hufa joto likipita nyuzi 50, lakini joto hilo lazima lifike walipo, na katikati ya sponji jua la Tanga halifiki. Kama umeona nukta, acha hapohapo.

Mtoto kamwaga urojo kwenye kochi la waridi. Nikasugua kwa sabuni ya mche, doa likawa jekundu! Nimeliua? (Nimechanganyikiwa, Unguja)

Hujaliua. Njano ya urojo ni binzari, na binzari ikikutana na sabuni kali kama ya mche hugeuka nyekundu. Suuza kwa maji matupu, nyekundu itarudi njano. Kisha donoa, usisugue, kwa kitambaa cheupe na tone la sabuni ya vyombo.

Njano itakayobaki iachie jua, kwa sababu rangi ya binzari haivumilii mwanga. Kama kava lina zipu, livue, lilowanishe kidogo, lianike. Lakini jua linalokula binzari linakula na waridi, kwa hiyo lichungulie kila nusu saa, na doa likishafifia liingize ndani hata kama halijaisha kabisa. Kama kava halina zipu, tunarudi kwa fundi wenu.

Nimeshalipia kochi la chungwa, vipande vitano. Mchumba wangu kaona picha, kasema hakai nyumba ile. Harusi ni mwezi ujao. (Bwana Harusi, Ilala)

Ungemuuliza kabla. Sasa mpigie fundi leo kabla hajakata kitambaa. Kama hajakata, mpeleke mchumba wako dukani achague yeye, wewe ubaki barazani unashika mkoba. Kama ameshakata, mwambie mchumba achague rangi ya mito, ya pazia, ya zulia, ya ukuta na ya sahani, na kila atakachochagua wewe sema ndicho ulichokuwa unakifikiria.